Maswali ya Wasomaji: Wagbagyi, Abuja na Yanayosemwa Juu Yao

Toleo lililopita tulichapisha makala fupi kuhusu jiji la Abuja, mji mkuu wa Nigeria, na ndani yake Wagbagyi, wenyeji wa eneo hilo, tukawataja kwa sentensi moja tu. Barua zilizofuata karibu zote zilirudi kwenye sentensi hiyo. Tumezichambua, zilizofanana tukaziunganisha, na majibu ni haya.

Ni kabila au ni tusi?

*Mhariri, salaam. Nanunua vitambaa kwa mfanyabiashara wa Kano. Akimsikia mtu anakosea kuzungumza, au akimwona amevaa hovyohovyo, humwita "Gwari". Anatukana, au anataja kabila? — Msomaji, Mwanza*

Anafanya yote mawili. Watu hao wenyewe hujiita Wagbagyi, na ndugu zao wa upande wa magharibi hujiita Wagbari. "Gwari" ndivyo Wahausa walivyowaita. Waingereza walipoanza kuchora ramani na kuandikisha kodi mwanzoni mwa karne ya 20, walilichukua jina kama walivyolikuta kwa makarani wao wa Kihausa, nalo likaganda kwenye karatasi za serikali. Bado lipo hata katika majina ya mahali, kama mji wa Birnin Gwari katika jimbo la Kaduna na mtaa mkubwa wa Gwarinpa ulio ndani ya Abuja. Wagbagyi wengi wa leo hawapendi kuitwa hivyo, na wazee wao wamelisema hadharani mara nyingi.

Kihausa hakina sauti ya "gb", ndiyo maana ikawa "gw". Ukitaka kuitamka sawasawa, funga midomo kama unayetaka kusema "b", papo hapo ukiinua ulimi wa nyuma kama unayetaka kusema "g", kisha achia vyote kwa mpigo mmoja. Wageni wengi huanza na "g" halafu wakafuatisha "b", ikatoka "Gubagyi", na kila mtu akajua kuwa hujafika Minna, mji mkuu wa jimbo la Niger.

Sasa kuhusu tusi. Kihausa kina neno *gwaranci*, maana yake kuzungumza Kihausa kibovu. Yaani jina la watu limefanywa kipimo cha kukosea lugha ya jirani. Lakini Kigbagyi na Kihausa hawana undugu wowote wa karibu. Kihausa kiko katika ukoo mmoja na Kiarabu, Kisomali na Kiamhari. Kigbagyi kiko karibu na Kinupe na Kiebira, ndani ya ukoo mkubwa wa Niger-Kongo, ambao ndio ukoo wa Kiswahili pia. Mgbagyi anayejifunza Kihausa anaingia nyumba ya watu wengine kabisa, na akikosea jinsia ya nomino (Kihausa kina kiume na kike) hakuna la ajabu. Mwambie muuzaji wako naye ajaribu Kigbagyi, lugha ambayo neno hubadilika maana kwa kupanda na kushuka kwa sauti peke yake.

Wagbagyi wanapatikana katika majimbo ya Niger, Kaduna, Nasarawa na Kogi, na katika Jimbo la Mji Mkuu wa Shirikisho lenye Abuja. Kwa hiyo ni watu wa kaskazini ya kati ambao si Wahausa. Kuna Waislamu kati yao, kuna Wakristo, na kuna wanaoshika dini ya wazee. Ile kasumba kwamba kila wa kaskazini mwa Nigeria ni Mhausa na kila Mhausa ni Mwislamu inaanguka hapa kabla hujafika popote.

Mzigo begani

*Nimeona picha za wanawake wa Kigbagyi wamebeba kuni begani, shingo imeinama. Maelezo chini ya picha yanasema hawajui kubeba kichwani. Mbona sisi huku tunabeba kichwani tangu utoto? — Msomaji, Kisumu*

Hawakushindwa kujua. Ni mwiko. Wagbagyi hueleza kwamba kichwa ndicho mtawala wa mwili: kinafikiri na kuamua kwa niaba ya viungo vingine, hivyo hakiwekwi chini ya mzigo. Kazi ya kubeba ni ya bega. Mtoto wa kike hufundishwa mapema, na anayeweka mzigo kichwani hukaripiwa na mama yake.

Namna yenyewe ni hii. Mzigo wa kuni hufungwa ukawa mrefu, ukalazwa begani na nyuma ya shingo, kichwa kikainamishwa upande ili kuupisha, na mkono mmoja au yote miwili ikainuliwa kuushika. Kibuyu cha nafaka au chungu hukaa begani vilevile. Safari ikiwa ndefu mzigo huhamishwa bega kwa bega. Ugumu wake ni kwamba uzito uko upande mmoja, hivyo uti wa mgongo hulazimika kusawazisha kila hatua, na ngozi ya begani huota sugu. Faida yake ni kwamba mzigo ukiteleza unauachia tu, haukuvunji shingo.

Hapo ndipo wasemaji waliposhika. Wakaona bega lililoinama, wakatengeneza kichekesho cha "mwanamke wa Kigwari aliyepinda", kana kwamba amezaliwa hivyo. Ukitembea leo katika masoko ya Minna au Bwari utaona mizigo ile ile ikipanda pikipiki na bajaji kama kwingine kote, na wasichana waliosoma mjini wananyooka kama wasichana wengine wowote.

Na kwa kuwa unaandika kutoka Kisumu: mwaka 1986 jarida la kisayansi la *Nature* lilitoa utafiti uliofanywa Kenya kwa wanawake wa Kijaluo wanaobeba kichwani na wa Kikikuyu wanaobeba mgongoni kwa ukanda uliopita kwenye paji la uso. Wote waliweza kubeba mzigo wa hadi kama asilimia 20 ya uzito wa mwili bila kutumia nguvu zaidi ya kutembea mikono mitupu. Njia mbili tofauti kabisa, matokeo yakalingana. Anayedhani kuna njia moja ya akili ya kubeba mzigo hajapima.

"Abuja haikuwa na wenyewe"

*Sisi wa Dodoma tunaijua habari ya makao makuu kuhamia kwenu halafu ukaitwa ombaomba katika mji wako. Nimesoma kwamba Abuja ilichaguliwa kwa sababu palikuwa patupu. Ni kweli? — Msomaji, Dodoma*

Palikuwa na watu. Jambo hili tunalijibu kwa kirefu kwa sababu dhana nyingine nyingi kuhusu Wagbagyi zimeegemea hapa.

Agosti 1975 serikali ya kijeshi ya Murtala Mohammed iliunda kamati chini ya Jaji Akinola Aguda kutafuta mahali pa mji mkuu badala ya Lagos, uliokuwa umesongamana na uko pembezoni mwa nchi. Miongoni mwa vigezo: pawe katikati, pawe na ardhi na maji ya kutosha, hali ya hewa iwe nzuri, na pasiwe ngome ya lolote kati ya makabila makubwa matatu, yaani Wahausa, Wayoruba na Waigbo. Tarehe 4 Februari 1976 ikatoka Amri Namba 6 iliyotenga eneo la takriban kilomita za mraba 8,000 kutoka majimbo ya wakati ule ya Niger, Plateau na Kwara. Siku tisa baadaye Murtala aliuawa katika jaribio la mapinduzi, lakini mpango ukaendelea. Hata jina "Abuja" lilichukuliwa kutoka mji uliokuwepo, nao mji wenyewe ukapewa jina jipya la Suleja.

Angalia kilichotokea kwenye maneno. Kamati ilitaka mahali pasipo na kabila *kubwa*. Kufika mitaani, neno "kubwa" likadondoka, ikabaki "pasipo na kabila". Wakati huo walikuwepo Wagbagyi, ambao ndio wengi, pamoja na Wakoro, Wagade, Wabassa, Waganagana, Wagwandara na Waebira. Ni kweli watu walikuwa wachache kulinganisha na Kano au nchi ya Waigbo. Wanahistoria wengi wanataja misafara ya kukamata watumwa ya karne ya 19 kama sababu moja kubwa ya uchache huo. Lakini uchache si utupu.

Mpango wa kwanza ulikuwa kuwahamisha wenyeji wote nje ya eneo. Hesabu zilipofanywa gharama ikaonekana haibebeki, na mwaka 1978 sera ikabadilishwa: wa eneo la jiji lenyewe wahamishwe, wengine wanaotaka kubaki wabaki. Watu wa Wuse, kwa mfano, walipelekwa jimbo la Niger wakaanzisha Sabon Wuse, yaani Wuse Mpya, na jina la kijiji chao likabaki kwenye mtaa wenye mabenki na soko kubwa. Vijiji vingine kama Garki vilimezwa na jiji, vikawa visiwa vya nyumba za mabati katikati ya barabara za lami.

Fidia ndiyo sehemu inayoeleweka vibaya zaidi. Sheria ya ardhi ya Nigeria ya 1978 hulipa kilichofanywa juu ya ardhi, yaani nyumba, mazao na miti yenye faida kama mwembe au mti wa mafuta ya shea. Ardhi yenyewe hailipwi. Sasa mkulima wa viazi vikuu halimi sehemu moja kila mwaka. Analima hapa, anapumzisha pale, kwa sababu kiazi kikuu kinataka udongo uliopumzika. Shamba lililopumzishwa halina nyumba wala zao, basi kwenye daftari la mthamini halina kitu. Familia yenye ardhi ya vizazi vitatu ingeweza kulipwa vibanda na miembe michache. Hilo halikutokana na uvivu wa mkulima wala ujinga wake. Fomu yenyewe haikuwa na mahali pa kuandika alichokuwa nacho.

Katiba ya 1999, kifungu cha 297, ikakaza fundo: ardhi yote ya Jimbo la Mji Mkuu ni mali ya Serikali ya Shirikisho. Jimbo hilo halina gavana wa kuchaguliwa, lina waziri anayeteuliwa na Rais. Lina seneta mmoja na wabunge wawili tu. Wanachochagua wananchi kwa karibu zaidi ni mabaraza sita ya maeneo: Manispaa ya Abuja, Bwari, Gwagwalada, Kuje, Kwali na Abaji.

Kwa hiyo mtu akikwambia Abuja ni "ya kila mtu", sikiliza anachoendelea kusema. Mara nyingi sentensi inayofuata ni kwamba wenyeji wanaodai ni wasumbufu. Nanyi wa Dodoma, ambako uamuzi wa makao makuu ulitolewa 1973 na CDA, mamlaka ya ustawishaji makao makuu, ikasimamia viwanja hadi ilipovunjwa 2017, hamhitaji kuelezwa jinsi mwenye shamba anavyogeuka "mvamizi" pale ramani inapochorwa.

Je, ni waoga?

*Wanasemwa kuwa ni wapole mno, wakisukumwa wanahama tu. — Msomaji, Tanga*

Katika karne ya 19 nchi yao ilizungukwa na dola zilizoishi kwa kukamata watumwa: Zazzau upande wa kaskazini, Bida ya Wanupe magharibi, na Kontagora ambayo watawala wake walisifika kwa uvamizi hadi Waingereza walipomkamata mtawala wao mwaka 1902. Jamii za Kigbagyi zilijibu kwa kujenga juu ya vilima vya mawe na nyuma ya kuta. Neno *birni* katika Birnin Gwari maana yake ni mji wenye ukuta. Kupanda mlima adui wako akiwa juu ya farasi ni hesabu nzuri ya vita, kwa maana farasi hapandi majabali.

Sifa ya "upole" imewagharimu. Kaduna ilijengwa na Lugard, mtawala wa kikoloni wa Kiingereza, kama makao ya kaskazini katika ardhi waliyokuwa wakiikalia, Minna ikakua kwenye nchi yao, Abuja ikaja, na bwawa la umeme la Shiroro lililoanza kazi 1990 likafunika mashamba yao ya bondeni. Miaka ya karibuni vijiji vyao vya Shiroro, Munya na Birnin Gwari vimehamishwa na magenge yenye silaha. Mtu aliyehamishwa mara nyingi hivyo hajahama kwa hulka.

Mama wa noti ya naira 20

*Nyuma ya noti ya naira 20 kuna mwanamke anafinyanga. Rafiki yangu anasema alifundishwa na Mzungu. — Msomaji, Bagamoyo*

Huyo ni Ladi Kwali, mzaliwa wa kijiji cha Kwali miaka ya 1920, Mgbari kwa kabila. Kufinyanga alifundishwa na shangazi yake akiwa mtoto, kama wasichana wengine wa kwao. Mfinyanzi Mwingereza Michael Cardew aliviona vyungu vyake katika nyumba ya mtawala wa Abuja ya zamani, yaani Suleja, kabla hajamjua mwenyewe. Chuo cha ufinyanzi cha Cardew kilifunguliwa hapo mwanzoni mwa miaka ya 1950 kikiwa na wanaume peke yao. Ladi Kwali aliingia 1954, mwanamke wa kwanza.

Alichokikuta kipya kilikuwa gurudumu, tanuri la moto mkali na tabaka la juu linaloyeyuka likawa kama kioo. Ufundi wa mkono alikuja nao. Chungu chake alikiinua kwa kuongeza mikunjo ya udongo, moja juu ya nyingine, yeye akikizunguka kwa kurudi kinyumenyume. Mikono yake ndiyo iliyozunguka badala ya gurudumu. Kuta zilisawazishwa kwa kipande cha kibuyu, halafu akachora kwa ncha kali mijusi, nge, mamba, kinyonga na nyoka, na kuvingirisha kijiti kilichochongwa ili kuacha mistari. Kabla ya kuchomwa chungu lazima kikauke kwelikweli. Maji yakibaki ndani ya ukuta hugeuka mvuke motoni na chungu hupasuka, mara nyingi kitako kwanza kwa kuwa ndicho kinene.

Kijijini vyungu hupangwa wazi, vikafunikwa kuni na nyasi. Moto huo hauzidi sana nyuzi 900 za Selsiasi, hivyo udongo hubaki na vitundu vidogo. Vitundu hivyo ndivyo vinavyopoza maji, kwa sababu maji yanayotoka polepole nje hukauka na kuondoka na joto. Katika tanuri la Suleja vyungu vilichomwa hadi karibu nyuzi 1,300, vikafunga kabisa. Vikawa vizuri machoni, vikasifiwa London, ila maji ndani yake hayapoi. Wanunuzi wa Ulaya walilipia mtungi usiofanya kazi ya mtungi, jambo ambalo kina mama wa Kwali lazima liliwachekesha.

Mwaka 1977 Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello kilimpa shahada ya heshima ya udaktari, ingawa hakuwahi kusoma shule. Alifariki 1984. Noti yenye picha yake ilitoka 2007. Igeuze upande wa mbele utamwona Murtala Mohammed, aliyetia saini amri iliyogeuza nchi ya akina Ladi Kwali kuwa mji mkuu. Kwali leo ni moja ya yale mabaraza sita.

"Wanampa mgeni mke"

*Mpangaji mwenzangu, Mnigeria wa Lagos, anasema yako makabila ya katikati ya nchi ambayo mgeni akilala hupewa mke wa mwenye nyumba. Anataja Wativ. Tuamini? — Msomaji, Nairobi*

Usiamini. Dhana hii hutupiwa Wativ wa jimbo la Benue zaidi, na majirani zao kadhaa. Wativ walikuwa na ndoa ya kubadilishana iitwayo *yamshe*: mimi nakupa dada yangu umuoe, nawe unanipa wako nimuoe. Asiye na dada wa mama mmoja alipewa haki juu ya binti wa ukoo na wazee. Ilikuwa na matatizo ya kweli: ndoa moja ikivunjika, ya pili inayumba nayo, na wazee waliweza kujilimbikizia mabinti huku vijana wakisubiri. Mwaka 1927 serikali ya kikoloni iliipiga marufuku, mahari ikachukua nafasi yake.

Ukisimulia hayo kwa haraka kwa mtu wa Lagos, "kubadilishana dada ili kuoa" ni rahisi kugeuka "kubadilishana wake", na kutoka hapo hadi "kumpa mgeni" ni hatua moja ya kilevi. Wagbagyi nao walikuwa na njia yao: mchumba alilima shamba la baba mkwe kwa miaka kadhaa, wengi hutaja saba, akiwa na vijana wa rika lake, ndipo akapewa mke. Watu waliomfanya mwanamume alime miaka yote hiyo hawawezi kumgawa binti yao kwa mpita njia.

Kuandika mhusika wa Kinigeria

*Naandika tamthilia yenye Mnigeria ndani yake. Nataka awe Muigbo mpenda pesa, mlinzi awe Mhausa, na mfanyakazi wa ndani aitwe Ekaette. Nyote mtacheka? — Msomaji, Dar es Salaam*

Tutacheka kwa sababu tumeshaviona mara mia. Hao watatu ndio vikaragosi wa filamu za Lagos.

"Ekaette", "Akpan" na "Okon" ni majina ya heshima ya Waibibio, Waannang na Waefik wa kusini-mashariki. Akpan ni mtoto wa kiume wa kwanza. Yaligeuka majina ya watumishi kwa kuwa vijana wengi wa eneo hilo walikwenda Lagos kufanya kazi za ndani, na wenyeji wa Lagos wakawaita wote "Calabar". Huyo huyo "Calabar" ni mji wenye shule ya Hope Waddell tangu 1895, mojawapo ya shule za mwanzo kabisa zilizotoa makarani na wasomi wa nchi.

Mlinzi kuitwa "aboki" ni mtindo huo huo. Kwa Kihausa ni "rafiki". Kusini humwita hivyo mtu yeyote wa kaskazini wasiyejali jina lake.

Kwa Muigbo wako, mpe historia badala ya tamaa. Vita vya Biafra, vya Waigbo kutaka kujitenga, viliisha Januari 1970, na wenye akaunti za benki walirudishiwa paundi 20 tu kila mmoja, hata aliyekuwa na maelfu. Waliinuka kwa mfumo wa uanagenzi: kijana huishi kwa bosi wake miaka mitano hadi saba bila mshahara, anajifunza bidhaa, wateja na deni, na mwisho wa muda bosi humpa mtaji au mzigo wa kuanzia duka lake. Panapoharibika ni mwishoni. Bosi asiyetaka kulipa humtafutia kijana kosa la wizi miezi michache kabla ya muda kutimia, akamfukuza mikono mitupu. Hapo una tamthilia nzima, na hujamfanya mtu hata mmoja kuwa kikaragosi.

Ukihitaji Myoruba mfanyabiashara, watazame Waijesha waliozunguka na vitambaa wakiuza kwa mkopo. Waliitwa *osomaalo*, kwa kuwa mdai alikuja kuchuchumaa mlangoni kwa mdaiwa na kuapa kutoinuka mpaka alipwe. Jina la kejeli lilitokana na njia halisi ya kudai deni pasipo mahakama.

Namna ya kujikagua: mtoe mhusika kabila lake kwenye karatasi. Akibaki na kazi, deni na jambo analolitaka, mrudishie kabila. Akibaki mtupu, ulikuwa umeandika kabila tu.

Si utani tu?

*Wangoni na Wahehe tunataniana mpaka msibani. Kwa nini wao wasichukulie hivyo? — Msomaji, Songea*

Wanigeria wa kaskazini wana utani kamili, na wanauita mchezo. Mfulani na Mkanuri wanaweza kutukanana vizuri sana sokoni, wakidaiana kondoo siku ya Idi, na hakuna anayekasirika. Watu wa Kano na wa Zaria nao huitana watumwa. Lakini kila upande una zamu ya kujibu, na wote wawili wanajulikana kuwa watani. Mgbagyi anapoitwa "Gwari" katika foleni ya ofisi ya ardhi, hana zamu.

Nahamia Abuja

*Nimepata kazi Abuja kwa miaka miwili. Nifanye nini nisiwakwaze watu? — Msomaji, Arusha*

Swali la "wewe ni wa wapi" lina maana maalumu kule. Linauliza kijiji cha baba yako, hata kama ulizaliwa kwingine. Kila Mnigeria hujaza jimbo la asili kwenye fomu za kazi na chuo, na halmashauri ya asili humpa cheti cha uenyeji. Mtu aliyezaliwa Abuja kwa wazazi wa jimbo la Imo atakwambia anatoka Imo, na akijiita mwenyeji wa Abuja atabishiwa. Usimsahihishe. Ukitaka kujua alikokulia, uliza hivyo: "Umekulia wapi?"

Usimwite mtu Gwari, hata ukisikia wenzako wanasema. Sema Mgbagyi, au uliza kama ni Mgbari. Epuka pia *arna*, ambalo Wahausa wamelitumia kwa watu wasio Waislamu wa eneo la kati, na *nyamiri* kwa Waigbo. Yote mawili ni matusi hata yakisemwa kwa tabasamu.

Ofisini utatumia Kiingereza, sokoni Kihausa au Pijini, yaani Kiingereza cha mitaani. Ukienda kijiji cha pembezoni kama vile vya Kwali au Kuje kwa shughuli ya kazi, anzia kwa chifu kabla ya kupiga picha au kugawa dodoso, na ubebe mbegu za kola. Usiwapige picha wanawake waliobeba mizigo bila kuomba; wameshajiona kwenye picha za kuchekwa vya kutosha.

Ukipangiwa nyumba, muulize wakala hati ya umiliki imetoka wapi. Kuna viwanja ambavyo serikali na familia ya kijiji wote wanavidai, na mpangaji ndiye hutolewa vitu nje wakigombana.

Na ukipelekwa kutazama mwamba wa Zuma, ule wenye alama inayofanana na uso, wenyeji wako watasema ni lango la Abuja. Uko jimbo la Niger, jirani na Madalla, kwenye barabara ya Kaduna. Nenda asubuhi, jua la mchana huufuta ule uso.